Kizimbani hadi Makunduchi, nyumba kwa nyumba

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, na pale kilipotanuka zaidi upana wake haufiki kilomita 40. Mtu akitoka Kizimbani baada ya sala ya alfajiri, chai ya asubuhi ataiwahi Nungwi, na akigeuza kichwa cha gari kuelekea kusini, adhana ya magharibi itamkuta Makunduchi. Kwa masafa peke yake hakuna Muunguja aliye mbali na jamaa yake. Lakini waulize watu wazima wa ukoo wowote lini mara ya mwisho walikaa na binamu zao wa upande wa pili wa kisiwa. Watakujibu kwa kumtaja marehemu: tulionana kwenye maziko ya fulani, tukaonana tena kwenye hitima yake.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliolewa Maskati katika miaka ya sabini. Sultan Qaboos alikuwa ameshika nchi mwaka 1970 na akiwaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga, na maelfu ya watu waliozaliwa Unguja na Pemba wakaitikia, mumewe akiwa mmoja wao. Wanawe wamezaliwa huko na kusomea huko, lakini nyumbani kwao Kiswahili hakijapata kuzimwa. Amekuwa akija Unguja, kila mara kwa haraka, kila mara kwa sababu ya mtu aliyekufa au anayeoa. Safari hii aliposhuka uwanja wa ndege alituambia maneno ambayo bado yananikaa kichwani: "Sikuja kuzika mtu, wala sikuja kula pilau ya harusi. Nimekuja kuwaona watu wakiwa hai."

Alikuwa na karatasi. Ameiandika kwa mkono, kijiji baada ya kijiji, na chini ya kila kijiji majina ya jamaa na ya rafiki zake wa skuli. Mwanawe aliyefuatana naye hakushika usukani, kwa kuwa Oman magari hupita kulia na huku kushoto, kwa hiyo kazi ya kuendesha ikawa yangu. Sharti lake lilikuwa moja tu: tusimpigie mtu simu mapema. Nilidhani anataka kuwashtua. Akanieleza kwamba ukimwambia mtu unakuja kesho, leo ataingia deni la mchele na kuku, na mwakani ukitaja kuja atakutafutia udhuru. "Tunabisha hodi. Tukikuta chai, tutakunywa chai."

Kwenye sharti hilo naona sehemu ya ugonjwa wetu. Tumeifanya ziara kuwa kitu cha gharama. Mwenyeji anaona haya kumkaribisha mgeni kwa muhogo, mgeni anaona haya kufika bila boksi la soda, kila mmoja anangoja mwezi wenye pesa, na mwezi huo hauji. Katikati ya haya hizo mbili udugu unakatika pasipo mtu kugombana na mtu.

Tulianzia Kizimbani kwa sababu ndipo alipozaliwa. Kwa wengi jina hilo ni ziara za viungo: wageni wanashushwa garini, wananusishwa mdalasini, hiliki na kungumanga, kijana anakwea mnazi huku akiimba. Lakini habari ya karafuu za kisiwa hiki inaanzia katika ardhi hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara wa Kiomani, Saleh bin Haramil al-Abri, ndiye aliyeleta miche mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa walivyotawala Wafaransa katika Bahari ya Hindi, akaipanda Mtoni na Kizimbani. Baadaye mtawala, Sayyid Said bin Sultan, akamnyang'anya mashamba yake, akaamrisha mikarafuu ipandwe kila mahali, na waliopanda, wakapalilia na kuchuma walikuwa watumwa. Magofu ya hamamu yapo bado Kizimbani, madogo kuliko yale ya Kidichi jirani, ambako Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, hamamu yenye mapambo ya kwao mwaka 1850. Kisha Aprili 1872 dhoruba kubwa ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyoshika usukani wa zao hilo. Leo Kizimbani ina taasisi ya utafiti wa kilimo na skuli ya kilimo ya chuo kikuu cha SUZA, na wanafunzi wenye madaftari hupishana njiani na magari ya watalii.

Ukoo wetu umeingia katika historia hiyo kwa mlango wa nyuma. Babu alikuwa mtu wa Makunduchi. Kusini ardhi ni ya mawe, na msimu wa karafuu ulipofika vijana wa huko walikuja mashamba ya magharibi kuchuma kwa ujira. Wengi walikwenda na kurudi. Babu alibaki, akaoa, akajenga kibanda kwenye shamba la mtu mwengine, akalima muhogo chini ya mikarafuu isiyokuwa yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ikawa ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 wananchi wakaanza kugaiwa eka tatu tatu. Babu naye alipata zake. Shangazi anakumbuka wazi siku aliposhikwa mkono kuonyeshwa mipaka: mdoriani upande huu, mshokishoki upande ule, na chini kwenye bonde mfereji wa maji.

Mdoriani upo. Mshokishoki haupo, pamesimama nyumba ya matofali ya binamu yangu. Shangazi alizizunguka eka hizo kwa miguu, taratibu, akihesabu nyumba badala ya miti. Watoto wa mmoja wamejenga, watoto wa mwengine wamejenga, na sehemu ya mmoja imeshauzwa kwa mtu wa mjini aliyezungusha ukuta. Sitamlaumu aliyeuza, mirathi ikigawiwa mara mbili tatu, eka tatu zinakuwa ukumbi wa nyumba.

Wajukuu walikusanyika kumtazama mgeni. Akamshika mmoja bega. "Mtoto wa nani wewe?" Mtoto akamtaja baba yake. "Na baba yako mtoto wa nani?" Akataja. "Na huyo?" Mtoto akawatazama wenzake, wenzake wakatazama chini. Ikawa hivyo kwa wa pili, na kwa wa tatu. Kote walikofika ni kwa babu aliyejenga nyumba wanayolala. Kwamba kuna mtu alitembea kutoka Makunduchi kuja kuchuma karafuu, na kwamba kule wana watu wa damu yao mpaka leo, hawakuwahi kusikia. Mwana wa shangazi, aliyezaliwa ng'ambo ya bahari, alikuwa akizijua habari hizo kuliko wao, kwa sababu mama aliye ugenini husimulia ili asisahau, na mama aliye nyumbani hudhani watoto watajua wenyewe.

Tuliondoka gari imejaa. Mkono mtupu haulambwi, na mtu wa shamba haendi pwani bila kitu cha shamba: muhogo uliong'olewa alfajiri, mkungu wa ndizi, fenesi, fungu la mchaichai, na doriani mbili zilizotulazimisha kufungua vioo vyote. Utaratibu wa zawadi zetu una hesabu yake ya zamani. Shamba hutoa mizizi na matunda, pwani hutoa samaki na pweza, mjini hutoa mikate, sukari na halua. Kila tulipoteremsha kitu tulipakizwa kingine, na kilichopakizwa hapa kikawa zawadi ya nyumba ya mbele. Muhogo wa Kizimbani uliliwa Nungwi, samaki wa Chwaka wakaliwa Michenzani.

Njia ya kaskazini inapita Mahonda, pale penye kiwanda cha sukari, kisha Mkokotoni, ambako mashua za Tumbatu hungoja abiria na maji yajae. Humo njiani shangazi alikuwa akizisoma namba za daladala zinazotupita: 101 ya Mkokotoni, 116 ya Nungwi, 118 ya Matemwe. Mwanawe aliuliza zina maana gani. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayokuambia upande: zinazoanza na moja ni za kaskazini, mbili za kati na mashariki, kama 206 ya Chwaka, tatu za kusini, kama 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi, na tano za mjini na viunga vyake, kama 502 ya Bububu. Kila Muunguja anayo ramani hiyo kichwani bila kuisoma popote.

Shangazi alikumbuka gari za shamba za zamani, lori lililowekwa bodi ya mbao na mabenchi ubavuni, abiria wakitazamana magoti kwa magoti, mizigo na kuku juu ya paa. Kabla hamjafika Bububu mzee aliye mbele yako ameshakuuliza mtoto wa nani, na kabla hamjafika Mahonda ameshakutafutia uhusiano. Ukishuka mna salamu za kupelekeana. Gari ndogo ya mtu binafsi, yenye kiyoyozi na vioo vya giza, inafika upesi zaidi, lakini ndani yake hakuna wa kukuuliza wewe mtoto wa nani.

Nungwi anakaa rafiki yake wa skuli, walisoma pamoja Ben Bella. Alikuwa mwalimu, sasa amestaafu. Nyumba yake zamani ilitazama pwani. Leo inatazama ukuta wa hoteli, na bahari anaisikia tu. Mafundi wa majahazi bado wapo ufukweni, wanachonga mataruma kwa tezo, na wageni wanawapiga picha. Tulipobisha hodi, yule mwalimu alitoka na miwani mkononi, akasimama, akasema jina la utani ambalo sisi watoto hatukuwahi kulijua, na shangazi yangu, mwanamke mwenye wajukuu, akacheka kicheko cha msichana wa darasa la tisa. Walikaa barazani mpaka jua likazama. Niliwaacha. Yako mazungumzo ambayo kijana anayesikiliza huyaharibu.

Asubuhi yake nilimuuliza mwalimu kwa nini wajukuu zake hawaonekani. Wote wanafanya kazi hotelini, kwa zamu. Mmoja anarudi usiku wa manane, mwengine anaondoka alfajiri, na siku ya mapumziko hupangwa na ratiba, si Ijumaa wala Jumapili. Harusi ya jamaa mmoja Donge wamekwenda wawili tu. Utalii umeleta mishahara kwenye vijiji ambavyo havikuwa na mishahara, na hilo ni jambo jema ambalo sitalibeza. Ila nyumba imegawanyika kwa saa. Watu wanaolala chini ya paa moja wanaonana kama wapita njia, sembuse jamaa wa Kizimbani.

Kutoka Nungwi tulirudi mpaka Kinyasini, tukakata kwenda Kiwengwa, tukaifuata pwani ya mashariki, Pongwe, Uroa, mpaka Chwaka.

Chwaka ndipo safari ilipobadilika. Kuna mjomba wa shangazi na baba, kaka wa mama yao kwa upande wa baba mdogo, mvuvi wa tasi na kaa tangu ujana wake. Katika grupu la ukoo la WhatsApp yeye ni sauti. Hawezi kuandika, basi kila Ijumaa hutuma sauti yake: Assalamu alaikum, hatujambo, sote wazima, alhamdulillah. Nimezisikia sauti hizo muda mrefu na nikaziamini. Shangazi kule Maskati alizisikia, akaziamini.

Tulimkuta amekaa kitandani mchana, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Sukari. Kidonda kilianza kwa kukanyaga chaza, kikakataa kupona. Mashua ameshaiuza. Tulivyoelewa, hakuna aliyejua zaidi ya wanawe wanaokaa naye, na wao aliwakataza kusema. "Nyinyi mko mbali, niwatie hamu ya nini?" alisema. Shangazi hakumjibu. Aliomba maji ya moto, akafungua kitambaa, akakitazama kidonda, kisha akaanza kupanga mambo kwa sauti ya chini isiyojadiliwa: nani atampeleka hospitali ya Mnazi Mmoja kesho, nani atalala naye, nani atalipia dawa mwezi huu na nani mwezi ujao. Mwanawe aliandika yote kwenye simu yake. Kabla ya alasiri mambo yalikuwa yamekwisha pangwa, na mjomba, ambaye alikuwa mkali tulipofika, alikuwa anaeleza vipi tasi wanapikwa wa kupaka nazi ili nazi isikatike.

Kwenye simu kila mtu ni mzima. Ndivyo tulivyolelewa: salamu hujibiwa kwa njema, na mbaya hufuata baadaye, polepole, baada ya maji ya kunywa na kukaa. Ujumbe wa sauti hauna baadaye. Unajibiwa kwa njema, unazimwa. Mwili ndio usioweza kujibu salama, na mwili unaonekana kwa anayebisha hodi. Nasema hivi bila kuichukia simu. Bila ya grupu hilo shangazi asingejua hata majina ya watoto waliozaliwa. Ila udugu wetu tumeukabidhi kwa chombo ambacho mgonjwa anaweza kukidanganya, na tumeridhika.

Njia ya kurudi mjini inapita Dunga, penye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa kisiwa hiki, aliyekuwepo hata wakati masultani wameshajenga mjini. Hatukusimama. Gari ilikuwa kimya, kila mmoja akimfikiria mjomba.

Mjini tulikuwa na nyumba mbili kwenye karatasi. Moja Michenzani, katika yale majumba marefu ya Ng'ambo yaliyojengwa zama za Mzee Karume na baada yake kwa msaada wa awali wa Ujerumani Mashariki. Mama mdogo wa shangazi na baba anakaa juu. Alipohamia alikuwa mwenye miguu mizima na alijivunia upepo na maji ya bomba; leo ngazi zimekuwa mlima, na chini hushuka kwa shida. Majirani hupandisha mkate na kushusha taka bila kuombwa. Alipowaona samaki wa Chwaka alisema wapikwe hapo hapo, na jirani wa mlango wa pili akaja na nazi yake iliyokwisha kunwa.

Nyumba ya pili haikuwepo. Yaani ipo, Malindi, na mlango wake wa nakshi ni ule ule, lakini ndani pana hoteli, na kijana wa mapokezi alitukaribisha kwa Kiingereza. Rafiki wa shangazi alikuwa amehama siku nyingi. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kwa haki, maana mawe hayo yanastahili kulindwa. Waliokuwa wakikaa baina ya mawe hayo wengi wao wametawanyika, Fuoni, Mwanakwerekwe, Tomondo, kwenye nyumba pana zaidi, mbali na baraza walizokulia. Mzee mmoja muuza kahawa ndiye aliyetupa habari: amehamia Fuoni, ulizeni karibu na msikiti, mumewe alikuwa fundi saa. Ramani ya simu ilitufikisha Fuoni. Kutoka hapo hadi mlangoni tulifikishwa na maneno ya yule mzee, maana kila tuliyemuuliza alimjua fundi saa.

Shangazi na rafiki yake walikumbatiana mlangoni, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Yule bibi alikuwa amesikia kwamba shangazi amefariki. Miaka kadhaa iliyopita mtu alimletea habari hiyo, naye akamsomea hitima.

Kusini tulikwenda kwa barabara ya Tunguu. Bungi bado iko miembe iliyobaki ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, ile safu inayoifunika barabara kwa kivuli. Mingi imeanguka kwa uzee. Waliopita chini yake kwa miguu, akiwemo babu yangu na tambuu lake mkononi, walikuwa wakipumzika hapo, kwa sababu mbele ni jua na mawe. Baada ya Bungi msitu wa Jozani unafunga njia pande zote. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na matuta ya barabarani yamewekwa kwa ajili ya kima punju, ambao asili yao ni hapa Unguja. Tulipunguza mwendo, wakapita, mama na mtoto wake, hawakututazama.

Paje tuliingia kwa binti wa ami yake shangazi, mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani hii mwaka 1989, na wanaokifanya wengi wao ni wanawake. Ndicho kilichomwezesha kujenga nyumba yenye bati na kusomesha wanawe, bila kungoja mkono wa mtu. Siku hizi, alisema, maji yamekuwa moto, ule mwani wenye bei nzuri unaoza kwenye kamba, na unaostahimili bei yake ni ndogo. Mabwawa ya hoteli yanazidi, nafasi ya kuanikia inapungua. Alikuwa ametoka baharini, nguo zimelowa mpaka kiunoni, na hakutaka tumsubiri abadilishe. Alikaa nasi hivyo hivyo, akatuuliza habari za kila mtu kwa jina. Katika watu wote tuliowatembelea, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijua kwamba mjomba wa Chwaka anaumwa. Alikwenda kumuona kwa daladala mbili, na akakatazwa kusema kama wengine.

Makunduchi watu wanaijua kwa Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka wa jua iliyotoka Uajemi, inayofanyika kila Julai: vijana wanapigana kwa migomba, mabaya ya mwaka uliopita yanaishia hapo, kibanda kinachomwa, wanawake wanaimba njiani wamevaa walichonacho kizuri. Kuna jambo moja ambalo wapiga picha hawaliandiki sana. Siku hizo mwenyeji wa Makunduchi asiyepata mgeni huona amepungukiwa. Mgeni hatakiwi kubisha kwa hofu; anadaiwa.

Sisi hatukufika Julai, ila tulipokewa kama tumefika. Nyuma ya nyumba za maendeleo, kwenye kiwanja chenye mnazi na kisima, anakaa bibi mmoja ambaye baba yake na baba wa babu yetu walikuwa ndugu. Haoni vizuri. Alimshika shangazi uso kwa mikono miwili, akamuuliza wewe mtoto wa nani, na alipojibiwa akaanza kushuka na ukoo kuanzia juu: nani alizaa nani, nani alikwenda Kizimkazi kuoa, nani alichukuliwa na bahari, nani alikwenda kuchuma karafuu asirudi. Huyo wa mwisho ni babu. "Tulimngoja," alisema. "Mama yake aliweka sahani yake misimu mingi." Mwana wa shangazi aliwasha simu, akarekodi. Kila alipokosea jina, bibi alimsimamisha na kumrejesha nyuma, kama mwalimu wa chuoni na mwanafunzi wake wa Kurani.

Kisha akauliza walipo watoto wa huyo aliyekwenda kuchuma karafuu. Shangazi akasema wako Kizimbani, ni wengi, wamejenga. Akauliza kwa nini hawakuletwa. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulitaja skuli, tukataja kazi, tukataja nauli. Bibi alizisikiliza sababu zote tatu mpaka mwisho, akasema Julai watakuwa wamefunga skuli au hawajafunga, yeye anataka kuwaona kwenye Mwaka Kogwa, na watalala kwake. Akina mama wa nyumba ile wakaanza kubishana palepale: yeye nyumba yake ina vyumba viwili, watoto hawatoshi, nusu wapelekwe kwa mjukuu wake anayekaa nyumba za maendeleo. Bibi akakataa. Ikabidi shangazi aingilie, ikakubaliwa wasichana walale kwa bibi, wavulana waende kwa mjukuu, na chakula kipikwe sehemu moja.

Tumerudi Kizimbani na kazi. Nimezungumza na mwenye daladala moja ya 310 ili aje kuwachukua watoto kutoka shambani moja kwa moja, bila kubadilisha gari mjini. Amekubali, lakini hatataja bei mpaka ajue idadi yao, na binamu zangu wawili bado hawajaamua kama wale wadogo wa chini ya miaka mitano waende au wabaki. Shangazi, ambaye wiki hii anarudi Maskati, amesema atalipa nusu ya nauli ikiwa nusu nyengine itatoka katika kila nyumba iliyojengwa kwenye eka tatu za babu, hata ikiwa ni shilingi elfu moja moja.